Jina Lina Mtu Ndani

6 Januari

Mvua. Miti tuliyoiangusha mwezi wa kumi na moja bado imelala shambani, inaota uyoga. Mama mkwe ametazama mto, akatazama mawingu, akasema kiangazi kifupi cha kuivisha matunda ya pupunya mwaka huu kimepotea njia. Mtoto ananyonya vizuri.

7 Januari

Mvua.

9 Januari

Leo nimepata nafasi ya kuandika kama mtu. Shule ninayofundisha imefungwa hadi mwezi ujao, madaftari yamebaki, na wenzangu wa nyumbani wamekwenda kutafuta kumbikumbi. Nyumba ni yangu, ya mtoto, na ya mzee ambaye hasemi.

Nianze na kinachoniuma. Mwanangu hana jina. Kwetu Wadesana, na huku kwa Watuyuka nilikoolewa, na kwa Watukano alikotoka mama mkwe, jambo hili ni moja: mtoto huzaliwa nusu. Nusu ya pili ni jina la ndani, nalo hutoka kwa babu mzaa baba. Babu hulivuta kwa maneno kutoka mdomo wa mto mkubwa huko chini, akitaja kila poromoko, kila jiwe lenye michoro na kila kisiwa walikopumzika wazee wa kwanza, mpaka alifikishe hapa kwetu na kumpulizia mtoto. Husemwa kwa lugha ya ukoo wa baba, si kwa nyingine yoyote. Aliye nalo, poromoko hili ni lake na msitu huu ni wake. Asiye nalo ni mlango uliosahauliwa wazi, na chochote kipitacho huingia.

Mzee Anacleto, baba mkwe wangu, angempa jina siku kitovu kilipokatika. Lakini wiki ya Noeli, siku chache kabla sijajifungua, alianguka akichonga kasia. Kiharusi. Mkono wa kulia umelegea na ulimi umekufa. Katika ukoo wao ni yeye pekee aliyebaki na maneno hayo. Wapo Watuyuka wengine upande wa juu wa mto, ng'ambo ya mpaka, ila wana majina yao na mawe yao, na jina haliazimwi kama kisu.

Mume wangu Evanildo anasema baba yake atapona. Analisema hilo kwa Kitukano, kama anavyosema kila kitu. Alikulia bwenini kwa mapadri pamoja na watoto wa mto mzima, na Kitukano kikawameza wote, kwa sababu Watukano walikuwa wengi na wengine walichoka kuchekwa. Kituyuka cha baba yake anakisikia vizuri, kukisema ndiyo kazi. Mzee alipokuwa akimwita aje ajifunze maneno ya mto, Evanildo alikuwa uwanjani na mpira. Sasa anakaa mlangoni akishona wavu uliokwisha kushonwa.

12 Januari

Mzee amesema.

Nilikuwa namkanda mtoto kwa maji ya vuguvugu karibu na bembea anayolalia mzee. Akageuza uso akanitazama sana, akasema, "Mama, nina kiu."

Amesema kwa Kidesana, lugha yangu mimi. Ndani ya nyumba hii sijawahi kuisikia tangu niolewe. Huwa naisema shambani, nikiwa peke yangu na muhogo niliopewa na mama, na siku hizi sikioni mwa mtoto. Nilishtuka nikamwaga maji. Kisha nikakumbuka kwamba mama yake alikuwa Mdesana, shangazi ya baba yangu. Ndiyo njia yetu. Anayesema lugha ya baba yako ni ndugu yako, humwoi, kwa hiyo mabinti huenda kuolewa na watu wa lugha nyingine, na baada ya miaka wajukuu wa kaka zao hufuata njia ile ile. Ndiyo iliyonileta. Mzee alipokuwa mzima alikuwa akinitania, akiniita mama mdogo, na kuniuliza mbona simpikii.

Lugha ya mama kwetu ni ya kunyonyea. Mtoto akishatembea huiweka chini na kushika ya baba, na aliyeishika akiwa mkubwa huonekana hajaachishwa ziwa. Mzee huyu aliiweka chini miaka sabini iliyopita. Leo ameiokota, na nyingine zote zimeanguka.

Nilimpa maji kwenye kata. Sikupaswa kumjibu hivyo, mkwe hamkazii macho baba mkwe wake, ila lilinitoka: "Kunywa, mwanangu, taratibu." Akanywa yote.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha kumbikumbi. Sijui alisimama hapo tangu lini.

15 Januari

Hasemi lugha nyingine. Anaomba uji, anauliza baba yake amevua nini, anaogopa radi. Mimi ndiye mama yake, hilo halina mjadala kichwani mwake.

Mama mkwe, Guilhermina, anamsemesha kwa Kitukano kama alivyofanya maisha yao yote. Mzee alikuwa akimjibu kwa Kituyuka. Kila mmoja na lugha yake, wala hawakuwahi kupotezana. Sasa mzee anamtazama kwa adabu, kama mgeni aliyefika wakati mwenyeji hayupo. Leo mama mkwe alimwambia jambo refu, sikulisikia lote, na mzee akanigeukia akauliza, "Mama, huyu bibi anataka nini?"

Niseme kweli, nilifurahi kidogo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nimeburuta yangu miaka mitatu. Muhogo wangu haukunwi sawasawa, mkate wangu una mabonge, pombe yangu chachu. Leo mwenye nyumba amemwita mkewe "huyu bibi".

Furaha yenyewe haikufika jioni. Nilipomtazama mtoto nikaelewa kilichotokea. Maneno ya jina yapo upande ambao mzee ameuacha.

19 Januari

Mvua. Tumbiri wamekuja mpaka uani kutafuta pupunya, na pupunya zenyewe zimeoza mtini.

22 Januari

Jua siku mbili. Tukakimbilia shambani kugeuza matawi ili yakauke chini. Kuchoma kunataka wiki ya jua kali, moto upite mara moja na uache majivu mengi. Ukichoma mbichi unapata masizi na laana.

Shamba la zamani limechoka. Hapo ndipo ilipo mbegu yetu yote: muhogo mweupe wa mama mkwe aliokuja nao kutoka kwa Watukano, muhogo wa mama yake mzee, ambao ni jamaa ya wangu, mwekundu wa wake wa kaka za babu, waliotoka mito nisiyoijua. Kila mwanamke aliyeolewa hapa alifika na vijiti vyake begani. Wanaume wanajisifu kwamba nyumba ni ya lugha moja. Wakitaka kujua ukweli waende shambani wahesabu mihogo. Tusipochoma mwaka huu, vijiti vitaozea ardhini, na hakuna wa kutuletea vingine.

23 Januari

Mvua.

27 Januari

Leôncio amekuja, mdogo wake mzee. Anaishi upande wa chini wa mto na ni katekista. Naye aliondoka nyumbani mdogo, kwa hiyo maneno ya jina hana. Alimsemesha kaka yake kwa Kitukano, akajaribu Kireno, akaishia kumshika mkono na kulia. Sikujua kwamba anaweza kulia.

Baadaye, kwenye mchuzi wa pilipili na mkate, akatoa wazo lake. Akasema sisi sote sasa tunasema Kitukano, tuache kujidanganya. Yupo mzee wa Kitukano kule kwake, mtu mwema, atampa mtoto jina la kwao na mambo yaishe.

Mama mkwe aliweka kata chini. "Yaani nyie mmekuwa Watukano," akasema.

"Shemeji, nasema hali ilivyo."

"Sawa. Baba yangu alikuwa Mtukano. Mkiwa Watukano, basi mimi nimelala na kaka yangu miaka arobaini, na Evanildo nimemzaa na ndugu yangu. Mwambie padri wako, aniandikie toba yangu."

Evanildo alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Leôncio alimbatiza mtoto kabla ya kuondoka, jina la karatasi. Nilishukuru, si vibaya kuwa nalo. Mama mkwe alisema karatasi hulowa.

2 Februari

Mtoto amekohoa. Mvua.

5 Februari

Kikohozi kinakuja kwa mkupuo, mpaka uso unakuwa wa bluu, halafu anavuta pumzi kwa mlio mrefu mwembamba. Upande wa chini wa mto kuna watoto wengine wanaokohoa hivi. Masista walitufundisha kwamba ni vijidudu, na mimi naviamini vijidudu. Ila navyo lazima viingilie mahali.

Mama mkwe alinifuata kwenye jiko la kuokea mkate. Mara nyingi huongea na mimi akiwa anatazama moto. Leo alinitazama mimi.

"Unamzuia," akasema.

Nikamuuliza namzuia nani.

"Mume wangu. Kila akikuita unamwitikia. Atarudi huku kufanya nini, na mama yake yuko hapo na kata ya maji? Mnyamazie. Akikukosa atatafuta njia, na njia iliyobaki ni ya baba yake."

Nilitaka kumwambia kwamba ana wivu. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya, yamenolewa miaka mitatu. Mtoto akaanza kukohoa mgongoni kwangu, tukasubiri wote wawili mpaka avute pumzi. Alipovuta, mama mkwe akafuta uso kwa mkono wenye unga akasema, "Ni mjukuu wangu, wewe msichana."

Nimekubali.

8 Februari

Sijamjibu kwa siku tatu. Ananiita. Nampa uji, namfuta mdomo, natazama pembeni. Hata mtoto simbembelezi tena kwa Kidesana, nisije nikasikika. Namwimbia kwa Kitukano cha shuleni, wimbo wa kuhesabu.

Evanildo amejitahidi. Anakaa na baba yake asubuhi, anamsemesha kwa Kituyuka, kigugumizi kitupu, anataja poromoko moja baada ya jingine mpaka pale anapokwama, anasubiri mzee amalizie. Mzee anamsikiliza kwa heshima kubwa.

10 Februari

Mvua. "Mama. Mama. Mama." Mchana kutwa.

11 Februari

Leo ameuliza amefanya kosa gani. Aliuliza pole pole, kama mtoto anayejua kwamba fimbo iko karibu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

14 Februari

Amenyamaza. Mama mkwe amekaa karibu naye tangu alfajiri, akingoja neno la kwanza la Kituyuka. Halikuja. Mzee amegeukia ukuta, na uji hataki.

17 Februari

Tumemshusha mtoto kwa mtumbwi hadi kituo cha afya, siku nzima chini ya turubai. Muuguzi yuko mjini, mwenzake ana sharubati ya kikohozi na maneno mazuri. Kwenda mjini kunataka kupita maporomoko makubwa, na mto umejaa mpaka mawe yote yamezama, hakuna nahodha anayekubali. Mjini wanasema kwa redio ya upepo tusubiri. Evanildo aligombana nao, akapiga meza. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilimpenda sana kwa ile meza.

Njiani kurudi alipunguza injini pale kwenye jiwe la michoro, akaliangalia. Akasema hapo ndipo maneno yake yanapoishia. Kutoka mdomo wa mto mpaka hapo anaweza, baba yake alimwimbia alipokuwa mdogo kabisa. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni giza. Na jina lenyewe halijui.

20 Februari

Mtoto hanyonyi vizuri. Mvua.

24 Februari

Jua.

25 Februari

Jua. Upepo unatoka upande wa juu wa mto. Evanildo na mama yake wanashinda shambani.

28 Februari

Jua kali, matawi yanavunjika yakikanyagwa. Watu wa nyumba za jirani wamekubali kuja kusaidia kuchoma. Kila mtu anazungumza juu ya majivu. Mtoto amepata mikupuo mingi leo nikaacha kuifuatilia. Kati ya mmoja na mwingine analala macho nusu wazi.

Mzee hajala chochote cha maana tangu ile wiki. Mifupa ya uso imetokeza. Nimemnyima mama yake, na lugha ya baba yake haikuja, kwa hiyo nimemwacha bila kitu.

2 Machi

Nimevunja ahadi.

Nyumba ilikuwa tupu. Nilikaa chini kando ya bembea yake na mtoto mapajani, nikasema kwa Kidesana, "Mwanangu, nimerudi."

Hakuuliza nilikuwa wapi. Alinyoosha mkono ule mzima akanishika nywele, akalia kidogo, akasema ana njaa. Nikamlisha uji wa muhogo na samaki aliyepondwa, akala mpaka nikamzuia. Nami nilikuwa nalia, kwa aibu na kwa hasira, sijui kipi zaidi.

Ndipo nikawaza jambo. Mama humwuliza mtoto wake mdogo jina lake la ndani, mara moja moja, kwa siri, ahakikishe linakaa. Mama yangu aliniuliza. Watoto wote wa mto huu waliulizwa. Nikainama karibu na sikio lake nikauliza, "Mwanangu, babu yako alikuita nani?"

Akatabasamu upande mmoja. Akalisema. Jina halina lugha ya mama, ni la baba tu, na lilitoka kinywani mwake kwa Kituyuka safi, neno moja peke yake. Nikauliza majina ya kaka za baba yake, ya babu yake. Hakuelewa. Mtoto mdogo hujua jina lake tu.

Jina silitaji hapa.

3 Machi

Nimewaambia. Nilidhani watafurahi. Evanildo aliruka, akasema basi, maneno anayo mpaka kwenye jiwe, jina tunalo, atavusha pale katikati hata kwa kutambaa, wazee watamsamehe. Alikuwa anazungumza Kituyuka, bila kujijua.

Mama yake alikuwa anakamua muhogo, hakuacha. "Jina lina mtu ndani," akasema.

Evanildo alielewa papo hapo. Mimi pia nilielewa, nilichelewa tu. Mzee akiwa mzima angechagua jina la ndugu zake waliokufa. Hilo aliloweza kutoa ni lake mwenyewe. Mjukuu wa kwanza hulichukua jina la babu, ndiyo haki yake, lakini hulichukua likiwa tupu, babu akishakufa. Hakuna wawili wanaokaa ndani ya jina moja. Ukimpulizia mtoto, mmoja wao atasukumwa nje, na anayesukumwa ni mnyonge, na kwa sasa mnyonge ni mtoto.

Evanildo alichukua wavu akaenda mtoni. Mama mkwe alimaliza kukamua, akaoka mkate, akatugawia. Hakumpikia mzee uji. Labda alisahau.

4 Machi

Mama mkwe hajampikia leo pia. Kesho tunachoma. Na mzee hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine ila wangu.

5 Machi

Wamechoma. Kutoka hapa nilisikia moto ukinguruma, majivu yakatua mpaka kwenye paa. Watu walipiga kelele za furaha, kisha kelele zikapungua. Evanildo amerudi mweusi tii. Anasema upande wa juu umeungua vizuri, upande wa bondeni umekataa. Nusu shamba.

Sikumpa mzee uji leo. Naandika kama ilivyokuwa. Asubuhi nilisema nitampa mchana. Mchana mtoto aliacha kupumua, nikampulizia pumzi mdomoni, akarudi. Nikamtazama mzee kwenye bembea yake, mwembamba, hana faida kwa mtu, amelikalia jina la mwanangu kama kuku juu ya yai lisilo lake. Nikamchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivyo. Jioni nilisema nitampa kesho.

6 Machi

Ameita tangu kulipokucha. "Mama, nina njaa." Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa, akiamini kwamba ikifika itashughulikiwa. Kaka zangu walisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, mama akitoka shambani.

Nilimlaza mtoto kwenye bembea, nikakoroga uji, nikampelekea. Mama mkwe alikuwa mekoni akaniona napita na kata. Alikuwa na nafasi ya kusema neno, na mimi nilikuwa na nafasi ya kugeuka. Alisogeza mguu nipite.

Nilimlisha mpaka kata ikaisha. Alinishukuru.

8 Machi

Mtoto amekufa. Mchana, jua likiwaka.

15 Machi

Asiye na jina la ndani halazwi chini ya sakafu ya nyumba pamoja na watu wa ukoo. Leôncio alituma ujumbe kwamba kwa kuwa alibatizwa tunaweza kumleta kwenye makaburi ya kanisa. Evanildo alitaka. Mimi nilikataa, sikutaka alale na watu asiowajua. Tumemzika shambani, upande wa bondeni ule uliokataa kuungua. Evanildo alichimba. Akasimama juu ya kaburi akaanza maneno ya mto, kutoka mdomoni, poromoko kwa poromoko, kwa sauti kubwa, kwa lugha ya baba yake, mpaka kwenye jiwe la michoro. Hapo akakoma. Sisi tulingoja.

Mama mkwe hakunilaumu. Nilikuwa nangoja alaumu, ningepata mahali pa kuitupa hasira yangu. Juzi alinijia na kata tupu, akakaa karibu nami kwenye jiko, akauliza, "Kwenu mnasemaje, kula?"

Nikamwambia. Akalirudia vibaya. Nikalisema tena. Mwanamke huyu hajawahi kutamka neno la lugha yangu, alikuwa akisema inakwaruza koo. Akalirudia mpaka likakaa, kisha akauliza, "Na, mimi hapa?"

Amekwenda kwa mumewe na uji akamwambia hayo mawili. Mzee alimfikiria kwa muda mrefu. Akafungua mdomo.

17 Machi

Mvua imerudi, ya msimu hasa. Tupande haraka.

20 Machi

Tumepanda sehemu iliyoungua. Vijiti vingine vilikuwa vimeoza. Muhogo mwekundu wa wale wake wa zamani haukupona hata mmoja, basi, umekwisha kwenye mto huu. Wa mama mkwe umepona. Wangu umepona zaidi ya wote, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kutosha tumeupanda kila mahali, mpaka bondeni. Shamba la nyumba hii ya Watuyuka litaota Kidesana. Mama mkwe alisema hivyo, kwa mzaha, na tukacheka kwa mara ya kwanza, tukaacha upesi.

Tulikuwa tumembeba mzee, ameketi kwenye gogo chini ya jani la mgomba kwa sababu ya manyunyu. Ana nguvu kidogo sasa. Anakula kwa mkono wa mama mkwe pia. Nilikuwa nimeinama bondeni, pale, nachomeka vijiti kuzunguka udongo mpya, nisiutazame. Akaniita. Nikaenda.

"Mama," akasema, "mdogo wangu yuko wapi?"

Evanildo aliacha kuchimba. Haelewi lugha yangu, lakini aliuona uso wangu.

Nilimfuta mzee matope mkononi, kidole kwa kidole, nikamwekea kipande cha mkate kiganjani.

"Amelala," nikamwambia. "Usipige kelele, mwanangu. Kula."